Asili ya Sampuli Iandikwe: Maoni Kuhusu Mifuatano ya Kijenetiki Katika Maombi ya Hataza

Wilayani Mpwapwa afya ya mtu na afya ya mfugo wake hazitenganishwi. Hapa ndipo utafiti wa mifugo wa nchi hii ulipoanzia mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa utawala wa Wajerumani. Hapa pia ndipo alipozalishwa ng'ombe aitwaye Mpwapwa, aliyetokana na kuchanganya zebu wa kienyeji na ng'ombe wa Bara Hindi, yaani Sahiwal na Red Sindhi, pamoja na damu kidogo ya ng'ombe wa Ulaya. Familia nyingi hula, husomesha watoto na hujitibu kwa kutegemea zizi. Kwa sababu hiyo, ugonjwa unaoingia zizini haukawii kubisha hodi katika zahanati.

Mwaka 2007 jambo hilo lilidhihirika kwa uchungu. Baada ya mvua kubwa, homa ya Bonde la Ufa iliingia nchini, na mkoa wa Dodoma ukawa miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi. Ng'ombe, mbuzi na kondoo waliharibu mimba kwa wingi. Watu waliochinja, waliochuna, waliosaidia mifugo kuzaa au waliokunywa maziwa mabichi waliugua. Baadhi yao walitokwa na damu, wengine ini likashindwa kufanya kazi, wengine wakapungukiwa na uwezo wa kuona. Katika nchi nzima zaidi ya watu 100 walifariki. Damu ya wagonjwa na ya mifugo ilichukuliwa, ikapelekwa maabara, na virusi vilivyopatikana vikasomwa herufi kwa herufi. Leo mifuatano ya virusi vya mlipuko ule, ikiwemo ile iliyotoka Tanzania, imehifadhiwa katika benki za taarifa za kimataifa, na mtafiti yeyote duniani anaweza kuisoma bila malipo.

Ninaunga mkono uwazi huo. Bila huo, vipimo na chanjo vingechelewa. Shaka yangu ni juu ya hatua inayofuata: pale taarifa hiyo ya wazi inapoingia katika ombi la hataza. Maoni yangu ni kwamba namna mifuatano inavyoandikwa katika maombi hayo ina pengo moja dogo kwa macho, lakini kubwa kwa maana. Pengo hilo ni mahali sampuli ilipotoka. Sheria za kimataifa zinapaswa kuliziba, na sisi tulio mwanzoni mwa safari ya sampuli tuna sehemu yetu ya kazi.

Mfuatano na hataza

Kwa msomaji asiye wa maabara, yafaa kueleza kwanza tunazungumzia nini. Kila kiumbe hubeba maelekezo ya uhai wake kwa lugha ya herufi nne, ambazo wanasayansi huziita nukleotidi. Kirusi cha homa ya Bonde la Ufa kina vipande vitatu vya RNA, vyenye jumla ya herufi zinazokaribia 12,000. Kipande cha kati hubeba maelekezo ya kutengeneza protini mbili zinazokaa juu ya gamba la kirusi, Gn na Gc. Protini hizo ndizo ambazo kinga ya mwili huzitambua na kuzishambulia, na ndizo ambazo watengenezaji wengi wa chanjo huzilenga. Anayejua mpangilio sahihi wa herufi zile anaweza kuzitengeneza upya maabara bila kuwahi kukanyaga Dodoma wala kushika damu ya ng'ombe.

Hataza nayo ni mapatano kati ya mvumbuzi na jamii. Mvumbuzi hufichua uvumbuzi wake waziwazi, kiasi kwamba mtaalamu mwingine aweze kuurudia. Kwa malipo ya ufichuzi huo, jamii humpa haki ya pekee ya kuutumia kibiashara kwa muda maalumu, ambao katika nchi nyingi ni miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa. Kwa hiyo ombi linalohusu chanjo, kipimo cha vinasaba au kingamwili haliwezi kusema tu kwamba "tumetumia protini ya kirusi fulani". Sharti lioneshe mfuatano wenyewe.

Tangu tarehe 1 Julai 2022, ofisi za hataza duniani zimetumia kanuni moja ya kuandika mifuatano hiyo. Kanuni hiyo huitwa ST.26, nayo ilitungwa chini ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia miliki bunifu. Ilichukua nafasi ya kanuni ya zamani, ST.25. Mwombaji hawezi tena kuleta herufi hizo kama maandishi ya kawaida. Huziwasilisha katika faili la kompyuta la mfumo wa XML, na WIPO hutoa bure programu ya kuliandaa. Kila mfuatano wenye nukleotidi 10 au zaidi zilizobainishwa, au asidi amino 4 au zaidi, sharti uwemo katika orodha na upewe namba yake. Nukleotidi huandikwa kwa herufi ndogo na asidi amino kwa herufi kubwa moja moja. Hata herufi u ya RNA huandikwa t, ili kompyuta zote zisome kwa namna moja. Orodha hizo hatimaye huingizwa katika benki zilezile za kimataifa ambamo watafiti hutafuta mifuatano.

Manufaa yake ni dhahiri. Mtaalamu wa Nairobi au wa Dar es Salaam anayebuni kipimo kipya anaweza kutafuta kwa haraka kama mfuatano anaoutaka umeshaombewa hataza na nani. Mkaguzi wa hataza naye anaweza kugundua kwamba kinachodaiwa kuwa kipya kilikwisha kujulikana zamani.

Mstari usiolazimishwa

Chini ya kanuni hiyo, kila mfuatano huambatana na maelezo ya chanzo chake. Maelezo mawili ni ya lazima: jina la kiumbe na aina ya molekuli. Zipo pia nafasi za kuandika nchi au mahali sampuli ilipokusanywa, tarehe ya kukusanywa, na mnyama au mtu iliyetoka kwake. Nafasi hizo ni za hiari. Mwombaji akiziacha wazi, ombi lake halikataliwi kwa sababu hiyo.

Kuna jambo la pili, ambalo naona ni zito zaidi. Mfuatano ukibadilishwa na wanasayansi, hata kama sehemu kubwa imebaki vilevile, unaweza kuhesabiwa kuwa wa kutengenezwa. Hapo mahali pa jina la kiumbe huandikwa kwamba chanzo ni kitu kilichotungwa maabara. Chanjo nyingi za kisasa hutokana na mifuatano ya namna hiyo, maana watafiti hurekebisha herufi ili protini itengenezwe kwa wingi au itulie. Basi kirusi kilichotoka kwa ng'ombe wa mfugaji hubadilishwa kidogo, na katika orodha si tena kirusi, wala hakina nchi.

Linganisha na benki za kimataifa za mifuatano. Tangu mwaka 2023 benki hizo zimeanza kumtaka kila anayeweka mfuatano mpya aandike mahali na tarehe ya kukusanywa kwa sampuli, au aeleze kwa nini hana taarifa hizo. Mtafiti anayetoa taarifa bure anaulizwa sampuli imetoka wapi; anayeomba haki ya kibiashara juu ya taarifa ileile haulizwi. Sioni hoja inayoweza kuhalalisha tofauti hiyo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Orodha ya mifuatano ndiyo daftari la bayoteknolojia ya dunia. Jina la mahali lisipoandikwa humo, baada ya miaka 10 hakuna atakayeweza kuonesha kwamba sampuli ilitoka kijiji cha Mpwapwa, hata kama kijiji kizima kinakumbuka siku daktari wa mifugo alipokuja kuichukua.

Funzo kutoka Uganda, Kenya na Kongo

Historia ya eneo letu inaonesha kwamba kutaja asili kunawezekana. Aina ya kirusi cha Bonde la Ufa iliyotumika kwa miongo mingi kutengeneza chanjo ya mifugo, ijulikanayo kwa jina la Smithburn, ilitokana na mbu waliokusanywa katika msitu wa Semliki, magharibi mwa Uganda, mwaka 1944. Miaka 80 baadaye bado tunajua msitu na mwaka, kwa sababu tu kuna mtu aliyeviandika. Maabara za enzi zile hazikuwa na kompyuta, lakini zilikuwa na daftari.

Nchini Kenya, vijidudu vilivyochukuliwa katika maziwa ya magadi, likiwemo Ziwa Bogoria, vilitoa vimeng'enya ambavyo kampuni za nje zilivitumia katika sabuni na katika kufifisha rangi ya nguo za jinzi. Mamlaka ya wanyamapori ya nchi hiyo ililalamika hadharani kwamba Kenya haikupata mgawo wake. Malalamiko ya namna hiyo huwa magumu kuyathibitisha au kuyakanusha pale kumbukumbu za asili zinapokuwa zimetawanyika.

Mfano unaogusa tiba ya binadamu moja kwa moja uko Kongo. Mwaka 1995 Ebola iliingia katika mji wa Kikwit. Miaka kadhaa baadaye, kutoka katika damu ya mtu aliyepona mlipuko ule, wanasayansi wa Marekani, Ulaya na Kongo, akiwemo Profesa Jean-Jacques Muyembe, walipata kingamwili iliyoitwa mAb114. Kingamwili ni protini, na protini ni mfuatano wa asidi amino. Hivyo uvumbuzi wake huelezwa katika hataza kwa orodha ya mifuatano. Kati ya Novemba 2018 na Agosti 2019 dawa hiyo ilijaribiwa pamoja na nyingine tatu mashariki mwa Kongo, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Kati ya waliopewa mAb114, asilimia 35 walifariki ndani ya siku 28, ilhali kati ya waliopewa ZMapp, dawa iliyokuwa kipimo cha ulinganisho, walifariki asilimia karibu 50. Mwezi Desemba 2020 Marekani iliidhinisha mAb114 kwa jina la Ebanga. Tangu wakati huo shirika la Madaktari Wasio na Mipaka limelalamika kwamba sehemu kubwa ya akiba ya dawa hizo imewekwa Marekani, mbali na nchi ambako Ebola huzuka.

Katika kisa hicho asili inajulikana kwa sababu watafiti waliitaja katika machapisho yao, na Kongo ilikuwa na mwanasayansi mwenye jina kubwa mezani. Je, mgonjwa wa wilaya isiyo na profesa mashuhuri atakumbukwa na nani? Haki ya mtu haipaswi kutegemea umaarufu wa anayemsemea.

Mikataba imefika wapi

Si kwamba dunia imelala. Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992 ulitambua mamlaka ya kila nchi juu ya rasilimali zake za kijenetiki. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, iliweka taratibu za idhini na mgawanyo wa manufaa. Tanzania ni mwanachama wake. Tarehe 24 Mei 2024, mjini Geneva, nchi wanachama wa WIPO zilipitisha mkataba mpya unaomtaka mwombaji wa hataza ataje nchi ya asili ya rasilimali ya kijenetiki ambayo uvumbuzi wake umejengwa juu yake; asipoijua, ataje alikoipata; na asipojua hata hiyo, atamke hivyo rasmi. Mkataba huo utaanza kutumika baada ya nchi 15 kuuridhia.

Ni hatua kubwa, ila inaacha mianya miwili. Mkataba unazungumzia rasilimali za kijenetiki, lakini haukutaja waziwazi mifuatano iliyopakuliwa kutoka kompyuta, na kwa hiyo mwombaji anaweza kudai kwamba hakugusa damu yoyote, bali alisoma herufi tu. Pili, vinasaba vya binadamu vimeachwa nje. Kirusi cha ng'ombe kina nafasi ya kutajwa nchi yake; kingamwili kutoka kwa mtu aliyenusurika haina. Mgonjwa akisikia hivyo atashangaa, na mshangao wake utakuwa wa haki.

Sheria yetu ya hataza ya Tanzania Bara ilitungwa mwaka 1987, miaka mitano kabla ya Mkataba wa Bioanuwai. Haikuweza kutarajia mambo haya. Wakati wowote itakapofanyiwa marekebisho, napendekeza iweke sharti kwamba kila ombi lenye orodha ya mifuatano, liwe limeletwa BRELA moja kwa moja au kupitia ARIPO kule Harare, lijaze nafasi za mahali na tarehe ya sampuli, hata pale mfuatano uliporekebishwa maabara. Na katika vikao vya WIPO, wajumbe wetu na wa nchi jirani wadai nafasi hizo ziwe za lazima katika kanuni yenyewe. Kwa mwombaji ni kujaza nafasi iliyokwisha kuwekwa. Hakuna mtambo mpya unaohitajika.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaosema kirusi hakina uraia: kile kilichopatikana Dodoma leo kilikuwa Garissa jana. Ni kweli. Lakini kuandika mahali sampuli ilipochukuliwa si kudai kwamba kirusi ni mali ya mahali hapo. Ni kueleza ukweli wa kihistoria, kama tunavyoandika mahali mtoto alipozaliwa bila kudai kwamba mji huo ndio uliomzaa.

Wapo watakaohofia kwamba masharti yatachelewesha chanjo. Hofu hii ina uzito, kwa kuwa hadi leo hakuna chanjo ya homa ya Bonde la Ufa iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida ya binadamu. Iliyo miongoni mwa zinazotia matumaini imetokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Oxford na watafiti wa Kilifi, Kenya. Hakuna anayetaka kazi hiyo ikwame. Lakini taarifa ninayoidai ni ya mstari mmoja, na anayesoma mfuatano katika benki ya taarifa mara nyingi huiona palepale. Kuihamisha hadi katika ombi la hataza ni kazi ya dakika chache.

Hoja ya tatu ni ya faragha, na hiyo naikubali kwa sehemu. Jina la kijiji likiwekwa pamoja na tarehe linaweza kumtambulisha mgonjwa, au kukifanya kijiji kinyanyapaliwe na wanunuzi wa maziwa na nyama. Kwa hiyo katika hati za hadharani nchi na mkoa vinatosha. Kijiji na kata vibaki katika kumbukumbu za hospitali na maabara, vikilindwa kama siri nyingine za mgonjwa.

Mwisho, kuna watakaosema kwamba mstari huo hautaleta fedha. Ni kweli, mstari peke yake hautajenga zahanati. Lakini mazungumzo yoyote ya haki, yawe ya bei nafuu ya chanjo, ya mafunzo kwa maabara zetu au ya mgao wa dawa wakati wa mlipuko, huanza kwa kuthibitisha nani alichangia nini. Mgala muue na haki yake mpe. Sisi hata hatujafika mahali pa kupewa haki kama jina letu halimo.

Kazi yetu sisi wenyewe

Kabla ya kuinyooshea kidole Geneva, tutazame meza zetu. Mwombaji wa hataza hawezi kuandika asili ambayo hakuna aliyeiandika tangu mwanzo. Safari ya mfuatano huanza kwa kalamu ya mhudumu wa afya au mtaalamu wa mifugo, juu ya chupa ndogo ya damu na fomu inayoambatana nayo. Fomu iliyoandikwa "Dodoma" tu, bila wilaya wala tarehe, imekwisha kupoteza nusu ya habari. Wenzangu katika zahanati na vituo vya afya, tujaze kila nafasi: tarehe, kijiji, kata, wilaya, na kama ni mfugo, aina yake na iwapo ameharibu mimba. Taarifa hizo humsaidia kwanza mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko, ambaye kwa kuzitumia atajua ugonjwa unaelekea wapi. Haki ya asili ni faida ya pili itokanayo na kazi ileile.

Sampuli inapotoka nje ya nchi kwa utafiti, pawepo kibali na mkataba wa kuhamisha sampuli kama taratibu za NIMR zinavyotaka, na mkataba huo useme wazi nini kitatokea iwapo mfuatano utatumika katika ombi la hataza. Kamati za maadili zisiridhike na sentensi ya jumla kwamba sampuli itatumika "kwa utafiti wa baadaye".

Na wewe mgonjwa, au mfugaji unayeombwa damu ya ng'ombe wako, una haki ya kuuliza kabla ya kutia sahihi: Sampuli hii itapelekwa wapi? Itasomwa vinasaba? Mtu akipata hataza kutokana nayo, nchi yetu itatajwa? Fomu ya ridhaa inapaswa kujibu maswali hayo kwa Kiswahili kinachoeleweka, na anayekuomba sampuli asikuone mkorofi kwa kuuliza. Wala usiogope kutoa sampuli wakati wa mlipuko; damu hiyo inaweza kuokoa jirani yako na mifugo yake. Toa, lakini hakikisha imeandikwa ilikotoka.

Mvua kubwa zitanyesha tena katika uwanda wa kati, mbu wataongezeka, na homa ya Bonde la Ufa inaweza kurudi. Siku hiyo wahudumu wa Mpwapwa watachukua damu tena, na mahali fulani duniani mfuatano utasomwa na pengine chanjo itaboreshwa kwa ajili ya watu wote. Hilo ni jambo la heri. Tunachoomba ni kwamba watakaoorodhesha mifuatano hiyo wasiiache nafasi ya asili ikiwa tupu.